Nina makopo mawili ya krimu mezani, mama. Nipake lipi?

*Shikamoo mama,*

*Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Nina miaka 29, naishi Morogoro, nina mtoto wa miezi minane ambaye bado ananyonya. Nikiwa mjamzito uso ulijaa chunusi. Sasa zimeisha, ila zimeniachia madoa meusi mashavuni na kwenye taya, na weusi mwingine kama kivuli juu ya mdomo. Nimechoka kuulizwa sokoni kama naumwa.*

*Hapa mezani nina makopo mawili. La kwanza nilinunua duka la vipodozi kwa 48,000, lina mililita 50. Boksi lake lina maandishi ya dhahabu, na mbele wameandika niasinamidi, vitamini C na manjano. La pili nimeuziwa duka la dawa kwa 9,500, plastiki tupu, mililita 200, halina hata picha ya ua. Mbele limeandikwa niasinamidi asilimia 4. Nimekaa na tochi ya simu nikanakili vilivyoandikwa nyuma.*

*La 48,000: Aqua, Paraffinum Liquidum, Glycerin, Cetearyl Alcohol, Glyceryl Stearate, PEG-100 Stearate, Dimethicone, Phenoxyethanol, Parfum, Niacinamide, Sodium Ascorbyl Phosphate, Curcuma Longa Root Extract, Tocopheryl Acetate, Linalool, Limonene, CI 19140.*

*La 9,500: Aqua, Glycerin, Niacinamide, Petrolatum, Cetyl Alcohol, Glyceryl Stearate, PEG-100 Stearate, Dimethicone, Panthenol, Phenoxyethanol, Ethylhexylglycerin.*

*La kwanza lina vitu 16, la pili 11. Mimi naona lenye vingi ndilo lenye nguvu, au nakosea? Halafu jirani yangu kasoma hilo la pili akaniambia lina alkoholi, haifai kupaka nikaenda kuswali. Hapo ndipo nilipokwama.*

*Kwa sasa usiku naendelea na krimu niliyoletewa na rafiki yangu kutoka kwa mama mmoja wa saluni, anachanganya mwenyewe. Iko kwenye kopo jeupe, haina maandishi. Kusema kweli hiyo ndiyo iliyonisaidia, wiki mbili tu watu wakaanza kunisifia. Nina miezi miwili nayo. Nikiiacha siku tatu uso unawaka moto na vipele vinatoka, nikiipaka tena vinatulia, kwa hiyo najua ngozi yangu imeizoea vizuri. Nilitaka pia kujua kama naweza kuichanganya na mojawapo ya hayo mawili.*

*Wa Makopo Mawili, Morogoro*

---

Marahaba mwanangu.

Umesema una makopo mawili, mimi nimehesabu matatu. Na hilo la tatu, ulilolitaja mwishoni kama mtu anayeaga mlangoni, ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine zote.

Kopo jeupe lifunike sasa hivi. Usilipake usiku huu. Usilichanganye na kitu chochote.

Hiyo habari yako ya kuacha siku tatu uso ukawaka, kisha ukapaka tena ukatulia, nimeisikia dirishani kwangu miaka yote niliyouza dawa, na karibu kila mara anayeisimulia anaimalizia kama ulivyoimalizia wewe, kwamba ngozi imeipenda. Krimu ya kawaida haifanyi hivyo. Ukiacha mafuta ya mgando siku tatu, ngozi inapauka, basi. Kitu kinachotuliza upesi namna hiyo na kulipiza kisasi kikiachwa, kwa kawaida ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, na inayopatikana sana kwenye mikorogo ni klobetasoli. Kwenye tyubu halali huandikwa Clobetasol Propionate, tena kwa asilimia 0.05 tu, na hata kwa kiasi hicho kidogo ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Daktari huitoa kwa ugonjwa wa ngozi, kwa wiki chache, na usoni huikwepa kabisa akiweza. Ikipakwa kila usiku kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vyekundu vinaanza kuonekana, vinyweleo laini vya usoni vinaongezeka, na chunusi zinarudi za namna nyingine, ndogondogo na za kufanana.

Mimi siwezi kulipima kopo lako nikiwa huku, na huyo mama wa saluni huenda naye hajui alichonunua kwa jumla. Ila vitu vinavyokutwa kwenye mikorogo vinajulikana. Mbali na steroidi kuna hidrokwinoni na kuna zebaki.

Hidrokwinoni huzuia ngozi isitengeneze rangi yake. Hospitalini hutumika kwa kipimo na kwa muda. Ikitumika ovyo kwa muda mrefu, ngozi hugeuka na kuweka weusi wa bluu kama wino, hasa mashavuni na kuzunguka macho, na weusi huo kuutoa ni kazi kubwa mno. Madaktari wa Afrika Kusini waliuandika mwaka 1975, na nchi hiyo ikazipiga marufuku krimu hizo mwaka 1990. Umoja wa Ulaya hauruhusu iwemo kwenye krimu za ngozi. Hapa kwetu pia ni marufuku kwenye vipodozi, na bado watu wanaipaka.

Zebaki ndiyo inayonitia hofu zaidi kwako kwa sababu ya mtoto. Inapita kwenye ngozi ikaenda kuumiza figo na mishipa ya fahamu. Tena haibaki kwa aliyejipaka. Inashika mto, shuka, taulo, na mvuke wake mnauvuta wote chumbani. Mtoto wa miezi minane anakulalia shavuni, anakushika uso, kisha mkono unaenda mdomoni, na maziwa ni yako hayo hayo. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, unaikataza zebaki kwenye vipodozi kwa nchi zilizouridhia. Aliyeipata bado anaiweka, maana inang'arisha haraka na ni rahisi. Pale inapoandikwa, utaiona kama Mercurous Chloride, Calomel au Mercuric Iodide. Mara nyingine haiandikwi, ila maelekezo yanakwambia uvue pete na mkufu wa dhahabu au fedha kabla ya kupaka. Krimu inayoogopa dhahabu iogope na wewe.

Basi fanya hivi. Wiki hii nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uliza kliniki ya ngozi, na nenda na kopo. Usione haya. Mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ni mkorogo, miezi miwili, kila usiku, na kwamba unanyonyesha. Anaweza kuagiza upimwe mkojo kama ana wasiwasi wa zebaki, na uso ukianza kuwaka ana dawa za kuutuliza. Maana utawaka, nisikufiche. Wiki za kwanza baada ya kuacha steroidi ni ngumu, na wengi hulirudia kopo hapo hapo. Kama mikono inatetemeka, usingizi umepotea, miguu inavimba au mkojo unatoka na povu jingi, usingoje wiki iishe. Foronya, shuka na taulo ya uso badilisha leo. Kopo lifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, usilichome moto, usilimwage chooni.

Hadi umwone daktari, uso uoshe kwa maji na sabuni isiyo na harufu, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Hakuna kingine. Najua huo si ushauri wa kusisimua.

Haya, sasa hayo mawili uliyoyanakili kwa tochi. Nimefurahi kweli, watu wengi husoma mbele ya boksi wakaishia hapo. Mbele ndiko wanakoandika wauzaji. Nyuma ndiko sheria inakowalazimisha waseme.

Orodha ya nyuma ina mpangilio wake. Kanuni ya Ulaya, ambayo watengenezaji wengi wa nchi nyingine huifuata, inataka kilichowekwa kwa wingi kitangulie, kisha kinachofuata kwa uzito, hivyo hivyo kushuka. Ndiyo maana Aqua, yaani maji, iko juu kwenye makopo yote mawili. Kuna mlango mmoja wa kutorokea. Vitu vilivyo chini ya asilimia moja mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo, na rangi huwekwa mwishoni. Hapo ndipo ujanja unapoingia, kwa sababu kitu cha kupendeza chenye chembe mbili kinaweza kusogezwa juu kidogo ya kitu kisichopendeza.

Utaujuaje mstari wa asilimia moja na hawakuuchora? Tafuta Phenoxyethanol. Ni kihifadhi, kinazuia vijidudu visiote kwenye kopo, na Ulaya hairuhusu kizidi asilimia moja. Kwa hiyo kwenye krimu inayofuata kanuni hizo, kila kilichoandikwa baada yake kiko kwenye asilimia moja au chini ya hapo.

Chukua kopo la 48,000 sasa, weka kidole kwenye Phenoxyethanol, soma kushuka. Kinachofuata ni Parfum, yaani manukato. Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B, iko baada ya manukato. Vitamini C, ambayo hapo ni ile Sodium Ascorbyl Phosphate, iko baada ya hiyo. Manjano, Curcuma Longa, yako nyuma zaidi. Yote matatu yaliyoandikwa kwa dhahabu mbele ya boksi yako chini ya mstari. Tafiti za niasinamidi kwa madoa zimefanywa zaidi kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 5, na hapo huna hata moja ya uhakika. Ulicholipia hasa ni maji, mafuta ya parafini, gliserini na harufu.

Tena hiyo rangi ya njano unayoiona ukifungua, nadhani uliona ndiyo manjano yenyewe. Tazama mwisho wa orodha, CI 19140. Hiyo ni rangi ya kiwandani, tartrazini, ile ile inayotiwa kwenye soda na pipi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kopo la plastiki lina niasinamidi namba tatu, mbele ya mafuta ya mgando, Petrolatum, na asilimia wameiandika wazi. Gliserini iko juu, inavuta maji kwenye ngozi, na mafuta ya mgando yanayazuia yasitoke. Panthenoli inatuliza. Manukato hamna, na kwa ngozi inayotoka kwenye mkorogo hiyo ni sifa kubwa. Linalool na Limonene kwenye lile la dhahabu ni vipande vya harufu ambavyo Ulaya inalazimisha vitajwe vikizidi kiasi kidogo sana, kwa kuwa vinawaletea watu wengine mzio, hasa kopo likishakaa wazi na kupigwa na hewa.

Ukaniuliza kama 16 ni zaidi ya 11. Hesabu niliyoifanya mimi ni nyingine. Shilingi 48,000 gawa kwa 50, kila mililita ni 960. Shilingi 9,500 gawa kwa 200, ni 47.50. Unalipa mara ishirini kwa kitu kilichotiwa dawa pungufu.

Nisilisifu kupita kiasi kopo la plastiki. Orodha inakupa mpangilio, haikupi vipimo, na krimu mbili zenye orodha inayofanana neno kwa neno zinaweza kuwa tofauti usoni kwa sababu ya kiasi na namna ya kupika. Pia ipo siku la bei kubwa litakuwa bora kweli. Kabla ya kulinunua angalia kama unachokitaka kiko juu ya Phenoxyethanol, au wameandika asilimia. Kuna dawa chache zinazofanya kazi hata chini ya moja, retinoli, aina ya vitamini A, ni mojawapo, Ulaya imeiwekea kikomo cha asilimia 0.3 kwa krimu za uso. Hiyo wewe iache kwa sasa, na mjamzito asiiguse.

Jirani yako amesoma neno, hakusoma kitu. Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol ni nta, nyeupe, ngumu kidogo kama mshumaa, hutolewa sana kwenye mafuta ya mawese na nazi. Zinaifanya krimu iwe nzito na laini. Wakemia huita alkoholi vitu vingi vya ukoo mmoja, hata gliserini ni ya ukoo huo. Ile ya kulevya na ya kukausha ngozi huandikwa Alcohol au Alcohol Denat. peke yake. Tena mwambie, hata kopo la dhahabu lina Cetearyl, namba nne, mbona hakuliona? Mimi si shehe, suala la swala muulize anayejua. Nimekueleza kilichomo tu.

Usije ukaambiwa na mtu kwamba basi, achana na kemikali zote, paka ndimu. Ndimu na jua ni maadui wa ngozi. Maji yake yakipigwa na jua yanaunguza, na mahali palipoungua panaacha doa jeusi kuliko ulilokuwa nalo. Liwa ya bibi zetu ni jambo jingine, harufu yake naipenda hadi leo, ila sijaona ikiondoa kivuli juu ya mdomo.

Na hicho kivuli kisikupoteze. Madoa ya chunusi na weusi wa juu ya mdomo uliokuja na mimba ni vitu viwili. Madoa yatafifia kwa miezi, hata bila kitu, mradi huyaminyi. Weusi wa mimba ni mkaidi, na unachochewa na jua, pamoja na ule mwanga wa kawaida wa kuonekana ambao krimu nyingi za jua haziuzuii. Kwa hiyo krimu yako ya jua iwe na SPF, yaani kipimo cha kinga ya jua, 30 au zaidi, na iwe yenye rangi kama ya ngozi. Nyuma tafuta CI 77491, CI 77492 na CI 77499. Ni oksidi za chuma, aina ya kutu iliyosafishwa, na ndizo zinazoukinga mwanga huo. Nyeupe tupu itakuacha kama umepaka unga, na kivuli chako itakiacha nusu. Kipimo ni mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, uso na shingo. Ukipaka tone moja, hiyo 30 usiihesabu. Watu hudhani krimu ya jua ni mambo ya Wazungu wa ufukweni, kumbe pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza ya kwao, Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino.

Daktari akisema uso umetulia, ndipo ufungue kopo la 9,500. Kwanza paka kidogo nyuma ya sikio, usiku nne mfululizo. Pakikaa kimya, paka usoni mara moja kwa siku, baadaye mara mbili. Niasinamidi haiui rangi, inapunguza tu usafiri wake kwenda juu ya ngozi, na ngozi inahitaji kama wiki nne kujibadilisha, kwa hiyo jipe miezi miwili hadi mitatu kabla ya kuihukumu. Wiki mbili za kusifiwa hazitakuwepo. Piga picha dirishani asubuhi, pale pale, kila Jumapili, maana kioo cha kila siku hakikuoneshi tofauti.

Utakaponunua kingine, kabla hata ya kusoma orodha angalia kama kuna jina la mtengenezaji na anwani, namba ya toleo, tarehe ya mwisho. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo ukikuta kitu kama kile kopo jeupe kinauzwa, hao ndio wa kuwaambia. Kuna pia kichoro kidogo cha kopo lililo wazi kimeandikwa 6M au 12M, ndiyo miezi ya kukitumia baada ya kukifungua. Andika kwa kalamu chini ya kopo siku uliyolifungua.

Lile la dhahabu usilitupe, umelilipia. Parafini na gliserini yake zinafaa kwa visigino vilivyopasuka. Paka usiku, vaa soksi.